Kumbukumbu ya mradi: kompyuta ya kuhariri video za harusi nyumbani

Faili kwanza

Mashine niliyokuwa nayo ni mtumba wa ofisini, prosesa yake Core i5-6500, RAM ya GB 8. Video za simu ilikuwa inazimudu kwa kujikongoja. Tangu mdogo wangu aanze kupiga harusi kwa kamera ya Sony A7 IV, imegoma: ukibonyeza kucheza, matarumbeta yanaendelea kulia lakini bibi harusi ameganda mlangoni.

Kabla sijaulizia bei ya kitu chochote, nilizifungua faili zenyewe kwenye MediaInfo, programu ya bure inayokueleza video imefungwaje. Majibu: H.265 (namna ya kubana video), biti 10 na 4:2:2 (vipimo vya wingi wa rangi zinazohifadhiwa), 4K ya fremu 50 kwa sekunde, megabiti 200 kwa sekunde. Mstari huo mmoja ndio uliochagua kompyuta hii. Yeyote anayetaka kujenga mashine ya kuhariri namsihi aanzie hapo, asianzie kwenye kadi ya michoro.

Sababu ni hii. H.265 haihifadhi kila fremu nzima. Inahifadhi moja kamili, halafu zinazofuata inaandika tu kilichobadilika. Ndiyo maana faili inakuwa ndogo, na ndiyo maana kila unaporuka kutoka sehemu moja ya video kwenda nyingine mashine inalazimika kukokotoa upya. Prosesa na kadi nyingi zina kipande maalumu cha kazi hiyo tu. Kikiitambua aina ya faili, video inateleza. Kisipoitambua, mzigo wote unaziangukia kore za prosesa. Ile i5-6500 inaitambua H.265 ya biti 8, basi.

Sasa jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji: kadi za michoro za NVIDIA zilizotangulia kizazi cha RTX 50, hata RTX 4090 yenyewe, hazina uwezo wa kufumbua 4:2:2, yaani kuifungua video hiyo iliyobanwa ili ichezwe. Michoro ya ndani ya prosesa za Intel za mezani, kuanzia kizazi cha 11, inao kwa H.265. Kwa faili kama zangu, i5-12400 ya kawaida inafanya kazi ambayo kadi ya mamilioni haiwezi.

Kuna mpaka wake. H.264, mtangulizi wa H.265, ikiwa ya 4:2:2 biti 10, ile ambayo Sony wanaiita XAVC S, Intel hiyo haiifumbui. Kwa hiyo tumekubaliana na mdogo wangu kwamba kamera ibaki kwenye XAVC HS, jina la Sony la H.265. Tunalipia kidogo, kwa sababu kwenye 4K ya fremu 50 A7 IV inakata picha pembeni na lenzi ya milimita 35 inaona kama ya 50. Ukumbini anarudi hatua mbili nyuma, maisha yanaendelea.

Kariakoo

"Bosi, chukua hii yenye F, prosesa ni ile ile na bei imepoa."

"Hapana kaka, nataka isiyo na F."

Alishangaa, maana kwa mcheza gemu ushauri wake ni mzuri kabisa. Herufi F mwishoni mwa 12400F maana yake michoro ya ndani imezimwa, na mimi naifuata hiyo hiyo michoro. Alipoelewa, akanitafutia stoo.

Kadi nimechukua RTX 3060 ya GB 12, mtumba. Hiyo ni ya kusahihisha rangi, kupunguza chengachenga za ukumbi wenye mwanga hafifu, na kutoa video ya mwisho. GB 12 za kumbukumbu zina maana kubwa kwa 4K. Nililipa baada ya kuiona ikifanya kazi na kuisoma kwa GPU-Z, programu ya kukagua kadi za michoro, kwa sababu zimo sokoni kadi za zamani zilizobadilishwa jina kwa programu ili zijitambulishe kama mpya. GPU-Z ina uwezo wa kuzinasa.

RAM ni GB 32, vijiti viwili vya 16. Pawasaplai wati 650. UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika, nimeiweka kwenye bajeti tangu mwanzo, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kunakili kadi ya kamera hasara yake hailipiki, harusi hairudiwi.

Diski ndizo zilizonifikirisha zaidi. Megabiti 200 kwa sekunde ni GB 90 kwa saa moja, kwa kamera moja. Kamera tatu zikicheza pamoja zinahitaji megabaiti 75 tu kwa sekunde, na diski ya kuzunguka inafikisha hata 150. Kwenye karatasi inatosha. Tatizo ni kwamba sindano yake inalazimika kurukaruka kati ya faili tatu, na muda unaishia kwenye kuruka. Kwa hiyo kazi inayoendelea inakaa kwenye NVMe, diski ya kasi isiyozunguka, ya TB 1, Windows kwenye NVMe nyingine ndogo, na diski ya kuzunguka ya TB 4 ni ghala la kazi zilizokwisha.

Kuunganisha

Vijiti vya RAM viliingia nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya bodi, nikawasha XMP inayoipa RAM kasi yake kamili. Kabla ya hapo RAM ya 3200 ilikuwa inakimbia kwa 2666.

Cha muhimu kuliko vyote humo BIOS ni iGPU Multi-Monitor. Ukichomeka kadi ya michoro, bodi nyingi zinaizima michoro ya Intel kimyakimya, na kile ulichokinunua kinalala. Niliiwasha, nikaweka dereva ya Intel, kisha kwenye DaVinci Resolve Studio, programu ninayohaririа, nikachagua Quick Sync, ndicho kile kipande cha Intel, kwenye mipangilio ya kufumbua. Studio ni toleo la kulipia, dola 295 mara moja; la bure lina mengi mazuri, ila kwa faili hizi nahitaji kipande kile cha Intel kifanye kazi.

Ilipofikia

Kamera tatu za send-off ya juzi zinacheza pamoja bila kukwama. Task Manager ya Windows inaonyesha uzuri: GPU 0, ya Intel, mchoro wa Video Decode umepanda, kore za prosesa zimetulia, RTX inaamka nikigusa rangi. Nimefurahi mno.

Video za simu za wageni bado nazipitisha HandBrake, programu ya kubadili video, kwanza, fremu 25 zisizobadilika, kwa sababu simu hubadilisha kasi ya fremu kadiri mwanga unavyobadilika na sauti inaachana na midomo.

Joto la Dar nalifuatilia. Wakati wa kutoa video ndefu prosesa inafika nyuzi 84 na feni iliyokuja nayo kwenye boksi. Haijapunguza kasi, lakini Januari bado. Feni ya mnara imeshaagizwa. Baada ya hapo kioo cha IPS, aina inayoonyesha rangi vizuri, ili nyeupe ya shela iwe nyeupe kweli.