Siku yangu moja: mwalimu wa baiolojia Dodoma, karanga na kipindupindu

Watu wanajua mwalimu anaingia saa 2, anatoka saa 8, anaenda kulala. Haya, hii ni Jumatano yangu.

Saa 12 asubuhi niko kituoni Nkuhungu nagombania daladala. Mstarini, usafi, mahudhurio, fomu wani, yote yamepita kama kawaida.

Saa 4 na nusu, baada ya chai, ndo fomu thrii, vipindi viwili mfululizo, afya ya jamii. Hawa ukianza na "afya ya jamii ni..." wanalala macho wazi. Kwa hiyo usiku nilikesha nachora kwenye manila mitaa ya Broad Street, London, 1854, nyumba na pampu za maji, af nikabeba karanga za soko la Majengo, kila karanga ni maiti. Makundi yanapewa karatasi za waliokufa, wanapanga wenyewe. Swali moja tu: nini kimewaua?

Kwanza wakasema harufu mbaya (na wakubwa wa London wakati huo waliamini hivyohivyo), mwingine akasema wamerogwa hao. Karanga zikazidi kurundikana kwenye pampu moja. Nikachokoza: kiwanda cha bia kiko palepale na hamna mfanyakazi aliyekufa, ila kuna mama wa Hampstead, mbali kabisa, kafa. Darasa likachachamaa. Binti mmoja ambaye huwa hafungui mdomo akauliza, "Madam, huyo mama maji ya kunywa alikuwa anatoa wapi?" Jamani nilitamani kumkumbatia! Alikuwa analetewa ya pampu ileile, kayapenda ladha. Wa kiwandani walikuwa na bia yao na kisima chao. Kijana wa nyuma: "kwa hiyo madam bia ni dawa?" Basi, vurugu.

Ndo akatokea mwalimu mwenzangu mlangoni. "Madam punguza kelele, wenzio tunafundisha." Wenzio tunafundisha! Af hakuondoka, kasimama anaangalia karanga, anauliza mbele ya wanafunzi kama hiyo inatoka kwenye mtihani wa taifa wa NECTA, kwamba yeye anawapa noti wanakariri wanafaulu, na mie nimeshika chaki natabasamu huku dakika zinaenda na wale wa nyuma washaanza kurudi kwenye stori zao. Alivyotoka nilishachoka kuliko kufundisha siku nzima.

Tulimalizia mbiombio: kilichowaua ni kipindupindu, kimetoka kwenye maji ya pampu ile. Daktari John Snow, aliyeligundua hilo wakati huo, akaiomba serikali ya mtaa iondoe mkono wa pampu, ikaondolewa, ingawa ugonjwa ulishaanza kupungua. Wakanigeuzia kibao: simtanki letu hapa shule linasafishwa na nani, lini? Sijui. Nikawaambia waandike maswali, tunampelekea afisa afya wa kata, kazi yake hiyo.

Mchana sikumbuki vizuri, masahihisho, jua, vumbi, kikao kisichoisha. Nimefika home giza limeingia, miguu inawaka moto.

Kesho zamu ya mkondo B. Manila ipo, karanga ninunue zingine, maiti zote zimeliwa.