Mikono Mgongoni, Mwalimu

Nilipiga hodi nyumba ile kwa shughuli nyingine kabisa: kumpelekea kijana wa darasa letu cheti alichosahau. Mama yake akanikaribisha ndani. Ile kompyuta tuliyowapa miezi saba nyuma ilikuwa palepale nilipoiweka, juu ya meza ndogo karibu na dirisha, imefunikwa kitambaa safi kilichopigwa pasi, na juu ya kitambaa pamewekwa chombo cha maua.

“Mama, hii mashine mnaitumia?”

Akanyamaza. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayechelea kumuudhi mgeni, “Mwanangu, iligoma. Wiki ya pili tu. Tukaona tuiache tusije tukaiharibu zaidi.”

Niliondoa maua, nikakunja kitambaa, nikaiwasha. Ikawaka bila shida. Intaneti ikashika. Lakini kila ukurasa niliofungua ulileta onyo lilelile: muunganisho huu si salama. Nikatupa jicho kwenye kona ya chini ya skrini. Saa ilisema ni usiku wa manane, tarehe 1 Januari 2012.

Hapo nikajua. Ndani ya kompyuta ya mezani, kwenye mazabodi, yaani ule ubao mkuu wenye saketi, kuna betri bapa ya duara, mfano wa kifungo cha koti. Kwa mashine nyingi ni ile yenye namba CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kuitunzia kompyuta saa na mipangilio yake wakati waya umechomolewa. Ikifa, mashine huamka haijui leo ni lini. Sasa tovuti za siku hizi hujitambulisha kwa vyeti vya usalama, na kila cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta inayodhani iko mwaka 2012 ikioneshwa cheti cha mwaka huu, inakiona hakijaanza kutumika, basi inakikataa. Ndiyo maana kila mlango waliobisha ulifungwa. Mashine yenyewe haikuwa na ugonjwa wowote.

Watoto watatu walikaa miezi saba bila kompyuta kwa sababu ya betri ya ukubwa wa kifungo. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba yule mama aliamini ameiharibu yeye, akaona aibu kutupigia simu. Mimi ndiye niliyemfikisha hapo. Siku ile ya kwanza nilifunga nyaya, nikamwonesha kijana mkubwa pa kuwashia na pa kuzimia, tukapiga picha familia nzima imeizunguka mashine, nikaaga. Kwenye daftari letu nyumba ile ilipata alama ya vema. Mama mwenyewe hakuwa ameigusa hata mara moja, na sikumwambia kwamba kompyuta hugoma, kwamba hilo ni jambo la kawaida, na kwamba ikigoma atuite.

Nimejitolea kwenye kazi hii miaka sita. Tunapokea kompyuta ambazo ofisi zimezichoka, tunazifuta, tunazitengeneza, tunazigawa kwa familia zisizo na kitu, na Jumamosi tunafundisha. Kazi ya ufundi naipenda sana. Ukifungua kasha la kompyuta iliyokaa ofisini miaka minane, vumbi limeshikana kwenye feni kama sufu, unalitoa kwa brashi taratibu, huku umeshika pangaboi kwa kidole lisizunguke. Unatoa diski ya zamani, ile ya kuzunguka, unaweka SSD, diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka. Hicho kitu kimoja tu kinaigeuza mashine iliyokuwa ikichukua dakika tano kuwaka ikawaka kabla hujamaliza kuvuta kiti. Na diski ya zamani hatuirudishi mtaani hivihivi, maana kufomati kwa haraka hakufuti kitu. Kunaondoa orodha tu, mafaili yenyewe yamelala palepale yakisubiri mtu mwenye programu ya kuyafukua. Tunaiandika upya yote, mwanzo hadi mwisho. Aliyetoa kompyuta yake ametuamini na mishahara ya watu na barua zake.

Siku hizi mashine zinakuja kwa wingi. Microsoft iliacha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi kompyuta nyingi za zamani: inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya karibuni. Matokeo yake, kompyuta nzima, zenye afya, zinatupwa kwa sababu ya karatasi, si kwa sababu ya chuma. Sisi tunaziwekea Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Zinakwenda vizuri mno. Baadhi ya wenzangu wanasema tunawapa watu kitu kigeni, mtoto atafika shuleni akute kingine. Mimi sikubaliani nao. Mtu ambaye hajawahi kushika kompyuta hana cha zamani cha kusahau. Kwake zote ni ngeni sawasawa. Anachohitaji ni mtu wa kumuuliza.

Na hapo ndipo miradi mingi ya kugawa kompyuta inapokwama, tangu zamani. Mwaka 2005 Nicholas Negroponte, wa chuo cha MIT cha Marekani, alitangaza mpango wa One Laptop per Child, laptopu ya dola 100 kwa kila mtoto. Peru ikaagiza mamia ya maelfu. Watafiti wakafuatilia shule 319 za vijijini, na matokeo yaliyotoka mwaka 2012 yalionesha kwamba watoto hawakupanda kwenye hesabu wala kwenye kusoma. Shule nyingi hazikuwa na intaneti, na walimu walipata mafunzo machache. Mashine zilifika, lakini mtu wa kukaa kando ya mtoto hakufika.

Romania ndiyo iliyonifumbua macho zaidi, kwa sababu kule kompyuta zilikwenda majumbani. Kuanzia mwaka 2004 serikali ilizipa familia za kipato cha chini vocha ya yuro 200 ya kununulia kompyuta. Wachumi Ofer Malamud na Cristian Pop-Eleches walipolinganisha familia zilizopata na zile zilizokosa kwa tofauti ndogo tu ya kipato, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, walikuta watoto waliopata kompyuta wana alama za chini shuleni, ingawa ujuzi wao wa kompyuta ulikuwa juu. Michezo ilikula muda wa vitabu. Lakini kulikuwa na jambo moja ndani ya utafiti ule ambalo sitalisahau: pale ambapo wazazi waliweka utaratibu kuhusu kazi za shule na matumizi ya kompyuta, madhara yale yalipungua.

Mzazi! Na mzazi atawekaje utaratibu juu ya kitu anachokiogopa? Mama anayeona skrini ina maandishi hawezi kujua kama ni insha ya mwanawe au ni mazungumzo na mtu asiyemjua. Akiuliza, anajibiwa “ni ya shule,” naye ananyamaza. Tukimpa mtoto kompyuta tukamruka mzazi, tumempunguzia mzazi mamlaka ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mimi hili naliona ni kosa zito kuliko kompyuta kukaa chini ya kitambaa.

Kesho yake nilirudi kwa yule mama na betri mfukoni. Nilishafungua skrubu moja nilipogeuka nikamwona amesimama mlangoni, mikono kaifumbata kifuani, anatazama kwa mbali kama mtu anayemsubiri daktari atoke na habari. Nikasimama. Nikampa bisibisi.

Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akapiga magoti kando yangu. Nikamwelekeza kwa mdomo: chomoa waya ukutani, fungua hiyo, vuta ubavu huu, tazama kile kiduara kinachong'aa. Akakisukuma kibanio kwa ncha ya ukucha, betri ikaruka, akashtuka, akacheka. Akaweka mpya, upande wenye alama ya kujumlisha juu. Tukawasha, tukarekebisha tarehe, ukurasa wa kwanza ukafunguka. Aliuangalia muda mrefu. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza darasani: “Kwa hiyo humu ndani hakuna kitu cha kulipuka?”

Miaka sita nafundisha, na sikuwahi kufikiri kuna anayehofia hilo.

Tangu siku ile tuna sharti moja: mwalimu akikaa na mwanafunzi, mikono yake iko mgongoni. Kipanya hakigusi. Ni sharti gumu kuliko linavyosikika. Unamwona mtu anatafuta herufi moja kwa nusu dakika, vidole vyako vinawasha. Mvumilie. Ukimfanyia, ataondoka anajua kwamba wewe unaweza.

Na ukikaa hivyo, mikono nyuma, ndipo unapoanza kuona. Kuna bibi mmoja aliyekuwa akibofya mara mbili na folda haifunguki. Wiki nzima tulimwambia “haraka kidogo, bibi.” Nilipotulia nikatazama mkono wake, si skrini, nikaona: mkono unatetemeka kidogo, kipanya kinasogea katikati ya mbofyo wa kwanza na wa pili, na kompyuta inahesabu ni vitu viwili tofauti. Dawa ni kumfundisha abofye mara moja kisha abonyeze Enter kwenye kibodi. Tangu hapo anafungua picha za wajukuu zake mwenyewe. Mwingine alikuwa akifika ukingoni mwa meza na kipanya wakati kishale bado kiko katikati ya skrini, anakata tamaa. Hakuna aliyemwambia kwamba kipanya kinaweza kuinuliwa na kurudishwa nyuma. Sisi tunaojua tumesahau kwamba hilo nalo lilifundishwa.

Tumebadilisha pia tunachoanza nacho. Zamani tulianza na programu ya kuandikia, tunawafundisha kukoleza maandishi na kuyapaka rangi. Siku hizi tunaanza na swali la mafaili: nikihifadhi hiki, kinakwenda wapi, na kesho nitakipataje? Watu waliozoea simu hawajawahi kuulizwa swali hilo. Simu huficha kila kitu. Ndiyo maana simu peke yake haitoshi, ingawa karibu kila nyumba ninayoingia ina simu. Jaribu kuandika barua ya kuomba kazi kwa vidole gumba viwili, au kujaza fomu ya kurasa tisa kwenye kioo cha upana wa kiganja, mtoto naye anaisubiri simu hiyohiyo aandike insha.

Kisha nywila. Wapo watakaonipinga, lakini mimi nawaambia waandike nywila zao kwenye daftari na daftari likae nyumbani. Mwizi wa nywila yuko mbali, haingii sebuleni kwako kufungua daftari. Hatari kubwa zaidi ni kutumia neno moja kila mahali kwa hofu ya kusahau. Halafu nawaambia: ukurasa ukikupigia kelele kwamba kompyuta yako ina virusi na upige namba fulani sasa hivi, usipige. Funga. Ukishindwa kufunga, zima. Hiyo nayo wanaifanya kwa mikono yao, mara tatu, mpaka woga upungue.

Wenzetu wa Free Geek, shirika la kutengeneza na kugawa kompyuta lililoanza mwaka 2000 huko Portland, Oregon, Marekani, walianzisha utaratibu ninaoutamani: mtu alijitolea saa kadhaa karakana, akatengeneza kompyuta pamoja na wengine, na akaondoka na kompyuta yake. Anayeifahamu mashine kwa ndani haifuniki kitambaa. Sisi hatujafika huko, karakana yetu ni chumba kimoja na meza mbili. Tulichoweza ni kubadilisha daftari. Alama ya vema hatuiweki tena siku ya kupeleka mashine. Tunaiweka baada ya kurudi mara tatu, wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza na mwezi wa tatu, na lazima mtu mzima wa nyumba hiyo awashe kompyuta mbele yetu na kutuonesha kitu alichokifanya mwenyewe. Hesabu yetu ya mwaka imeshuka sana. Mfadhili mmoja aliuliza kwa nini. Tukamweleza, akajiondoa. Tuliumia, lakini hatukurudisha daftari la zamani.

Jumamosi iliyopita yule mama alikuja karakana, mwanawe hayupo. Akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua mezani. Ndani yake kulikuwa na betri ya duara.

“Ya jirani yangu,” akasema. “Kompyuta yake iliniambia ni mwaka 2009.”

Nikaigeuza, nikasoma namba. CR2032. Nikamwambia anielekeze nyumba, nitapita jioni niiweke.

“Hapana, mwalimu. Nipe betri tu.”