Padi ya PS4 imegeuka mausi

Mausi ilikata roho Jumamosi usiku, mimi nishajilaza kwenye kochi, kompyuta nimeiunganisha na TV. Nikachomeka padi ya PS4 (kile kidhibiti cha kuchezea gemu za PlayStation 4) kwa waya wa USB. Linux Mint, mfumo endeshi wa kompyuta yangu, ikaitambua palepale; hata kile kibao cha kugusa cha katikati kikasogeza mshale bila kusakinisha kitu!

Ila kidole gumba kilichoka upesi. Nikaweka AntiMicroX, programu ya kufanya vijiti na vitufe vya padi vifanye kazi ya mausi na kibodi: kijiti cha kushoto kisogeze mshale, X ibofye, cha kulia kipandishe na kushusha kurasa. Tatizo, kijiti changu kimelegea (wadogo zangu na gemu zao za mpira), mshale ukawa unatambaa wenyewe. Nikapanua eneo la katikati ambalo programu hulipuuza, ukatulia.

Kuandika nenosiri kwa padi, hapana. Niliinuka kufuata kibodi.