Nilivyotoka kwenye kuandika muziki hadi kupanga jukwaa

Sipigi ala yoyote, na sauti ya kuimba sina. Lakini muziki ndio unaonilipia kodi ya nyumba: kwanza kwa kalamu, na sasa kwa kupanga nani apande jukwaani, saa ngapi na kwa malipo gani. Vijana wa hapa Jinja, Uganda, huniuliza nilipitia wapi.

Nimekulia Walukuba, mtaa wa wafanyakazi wa viwandani, ambako kabila lolote ulilotoka, ukifika bombani unazungumza Kiswahili. Nyumba hii rumba ya Kongo, ile ya pili Afrigo Band, ya tatu kadongo kamu, muziki wa Kiganda wa gitaa, hadi usiku. Masikio yangu yalisoma huko kabla ya shule yoyote.

Nilianza kwa kuandika habari fupi za shoo, nikilipwa kwa makala iliyochapwa tu. Isipochapwa, nauli ya Kampala imekwenda na maji. Mapromota wakiita waandishi huwa kuna bahasha ya "usafiri", na kwa maoni yangu bahasha hiyo ndiyo inayoua uandishi wa muziki kwetu. Ukishaipokea, kila shoo ni ya kukata na shoka, hata kama spika zilizimika katikati. Mimi nikageukia wanamuziki wasio na bahasha. Msinione shujaa: kwenye foleni ya kuwahoji mastaa nilikuwa mkiani kabisa, na vijijini Busoga, eneo la Wasoga linaloizunguka Jinja, foleni haikuwepo.

Huko ndiko nilikoijua kazi. Chukua embaire, marimba kubwa ya Wasoga. Mbao zake hulazwa juu ya vigogo vya migomba, na chini yake huchimbwa shimo. Ule mvumo unaokuingia tumboni unatoka shimoni. Wapigaji huketi pande mbili wakitazamana, na ukimsikiliza mmoja peke yake hupati wimbo. Bigwala nayo ni mabaragumu ya vibuyu, kila moja likiwa na sauti moja tu. Wapulizaji watano au zaidi hupokezana, huyu akinyamaza yule anaingia, mpaka wimbo utimie. Ni muziki wa sherehe za kifalme za Busoga, na mwaka 2012 UNESCO iliuweka katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka.

Kwa hiyo nikaacha kuandika "kikundi cha ngoma kilitumbuiza". Niliandika jina la kila mpigaji, sehemu anayoshika, aliyemfundisha, na pembeni ya daftari namba yake ya simu au ya jirani yake. Waandaaji wa tamasha waliponitafuta, shida yao haikuwa makala, ni hizo namba. Nikawajibu kwamba namba peke yake haiwasaidii kitu; nipeni saa moja ya jukwaa niipange mimi. Wakanipa saa ya jua kali ambayo hakuna msanii aliyeitaka.

Kichwa kiliniuma siku hiyo kuliko siku zote. Jukwaa la mabomba na mbao halina shimo. Fundi mitambo alitaka embaire ipande juu kama vyombo vingine, halafu yeye aongeze sauti. Mzee kiongozi wa kikundi akaigonga pale juu mara mbili tatu, akaweka fimbo chini, akaniangalia bila neno. Ikabidi nimwombe mwenye uwanja ruhusa ya kuchimba kwenye nyasi, tukatafuta migomba mibichi, na fundi akashusha maikrofoni zake karibu na mdomo wa shimo. Watu wakaizunguka embaire kama wanavyoizunguka kijijini. Fundi yuleyule baadaye aliniomba namba ya mzee.

Vita nyingine ni ya hesabu. Mhasibu anampenda msanii wa flashi: mtu mmoja, nyimbo mfukoni, chumba kimoja cha kulala. Ukimpelekea kikundi anauliza, hawawezi kupungua? Bendi huenda ikapungua gitaa moja na watu wasijue. Ukitoa mpulizaji mmoja wa bigwala ili uokoe nauli, umeng'oa sauti nzima ndani ya wimbo. Hoja hiyo niliishinda pale nilipoacha kuongelea utamaduni na kuchora wimbo kwenye karatasi, kila sauti na mtu wake.

Malipo hupita kwenye simu ya kila mchezaji, si ya kiongozi pekee. Makubaliano ni ukurasa mmoja wa Kisoga, unasomwa kwa sauti mbele ya kikundi chote, na kurekodi kuna kifungu chake na bei yake. Kifungu hicho si mapambo. Mwaka 2023 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya hapa Uganda ilitoa albamu ya kikundi cha embaire cha Nakibembe, kwa hiyo mtu asikuambie muziki huu hauna soko.

Kuandika sijaacha, ila kikundi ninachokipanga sikiandikii uhakiki. Miaka ya imbalu, sherehe za tohara za Wamasaba, ambayo ni ile inayogawanyika kwa mbili, nakwenda Mbale kusikiliza kadodi, ngoma za sherehe hizo, nikiwa mwandishi tu. Waandaaji wakinipigia nikiwa huko kuniuliza bei ya ngoma hizo, nawaambia wampigie kiongozi wa ngoma mwenyewe.