Tunakwenda Malta, na ufukwe hauna nafasi kwenye ratiba

Mama anakuja kunitembelea hapa Leipzig, Ujerumani, na nilitaka kumpeleka likizo kisiwani. Wenzangu wa wodini walinipigia debe la Mallorca. Mmoja akanirushia picha za Santorini: nyumba nyeupe, bahari ya buluu, ngazi hadi macho yanachoka. Nilipompelekea mama kwa WhatsApp akacheka. "Mwanangu, kwa magoti haya? Na bahari si ipo Tanga?" Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama Melita iko mbali na huko.

Mama ni mzee wa kanisa kwetu Lushoto, Mlutheri wa damu. Melita ya Matendo ya Mitume ndiyo hii hii Malta. Paulo alivunjikiwa na meli pale akiwa mfungwa, watu 276 ndani yake, wote wakafika nchi kavu salama. Nyoka akatoka kwenye kuni za moto, akamng'ang'ania mkono, na hakudhurika. Wapo wasomi wanaobisha kwamba kisiwa kilikuwa kingine kabisa. Hayo mama hayasikii kutoka kwangu.

Basi safari nzima naipanga kwa kumfuata Paulo. Valletta, mji mkuu, kuna kanisa la Kuvunjika kwa Meli ya Mtakatifu Paulo, wanakotunza mfupa unaosemekana ni wa kifundo cha mkono wake. "Mfupa?" mama aliuliza, na nikaujua uso wake hata bila video. Rabat, mji wa huko huko Malta na si ule wa Moroko, kuna pango ambalo kwa mapokeo alikaa humo. Kaskazini kuna ghuba yenye jina lake, na mbele yake kisiwa kidogo chenye sanamu yake.

Tutakwenda Oktoba. Julai na Agosti jua la kule halina huruma: kisiwa ni mawe ya chokaa, miti haba, mto hakuna hata mmoja, na vyumba bei juu. Oktoba bahari bado ina joto, kama mtu atataka kuogelea. Mtu huyo ni mimi.

Kilichonimaliza ni lifti. Valletta imejengwa juu ya mwamba, na barabara zake nyingine ni ngazi tupu, lakini kutoka bandarini kuna lifti ya mita 58 inayokupandisha mpaka bustani ya Upper Barrakka. Unatoka, unakaa kwenye benchi, bandari yote iko chini yako. Saa sita mchana hupigwa mzinga hapo, kwa hiyo itabidi nimwonye mama mapema.

Waingereza walitawala mpaka 1964, na magari bado yanapita kushoto kama nyumbani. Soketi nazo ni za pini tatu. Chaja ya mama kutoka Lushoto itaingia ukutani bila shida. Yangu ya Ujerumani ndiyo inayotafutiwa adapta.

Blue Lagoon, ghuba ya kuogelea ya kisiwa kidogo cha Comino, nimeifuta: umati mkubwa na kivuli cha kutafuta kwa tochi. Ukiona tangazo lenye picha ya lile tao la mwamba, Azure Window, ujue lilianguka baharini Machi 2017. Gozo, kisiwa jirani cha Malta, ndiyo tunakwenda. Kivuko kinachukua kama dakika 25 kutoka bandari ya Ċirkewwa, na nauli unalipa wakati wa kurudi tu. Huko kuna mahekalu ya Ġgantija, yaliyosimama kabla ya piramidi za Giza.

Chakula sina wasiwasi nacho. Mchuzi wa sungura, fahari ya Wamalta, mama hataugusa. Ila kuna pastizzi, vitafunwa vya jibini au njegere, unavila vya moto ukiwa umesimama barabarani kama sambusa.

Kazi kubwa ni viza. Mama ataomba ya Schengen, viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, kupitia ubalozi wa Ujerumani, kwa sababu siku nyingi atakuwa kwangu, na hiyo hiyo itamfikisha Malta. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Chumba nimekishika kwa masharti ya kughairi bila malipo. Tiketi za ndege sikati mpaka viza iwe mkononi. Gozo ningependa tulale usiku mmoja. Mama hajakubali, anataka kwanza nimtafutie ibada ya Jumapili, tena ya Kilutheri, kwenye kisiwa kilichojaa Wakatoliki.