Kulia, Tazama!

Mjukuu wangu ana maswali ya kumtoa mtu jasho. Siku ya Mapinduzi mwaka huu sebule ilijaa kama ilivyo ada yetu kila tarehe 12 Januari. Walikuwepo wenzangu wa zamani wa JKU, lile Jeshi la Kujenga Uchumi la Zanzibar: Somo, Bi Mrefu na yule bwana tuliyekuwa tukimwita Afande Sufuria, kila mmoja na kikombe chake cha chai ya tangawizi, na kwenye televisheni vikosi vimesimama mguu sawa. Mtoto kalala kifudifudi kwenye mkeka, kidevu mikononi. Akauliza: "Bibi, hawa wakiwashwa pua hufanya nini?"

"Askari hawashwi," Somo akamjibu.

Uongo. Huwashwa pua, jasho humwingia jichoni, na inzi naye ataacha maganda yote ya machungwa uwanjani aje kutua kwenye uso wa kuruta. Dawa ya hayo hakuna. Dawa iliyokuwepo ni ya kukuzuia usianguke. Chezesha vidole vya miguu ndani ya buti, usiyakaze magoti, na asubuhi unywe chai ya sukari hata kama huna hamu nayo. Anayekaza magoti damu humshuka miguuni, kichwa kikabaki kitupu, akaenda chini mzimamzima. Ndivyo alivyokwenda Somo siku ya mazoezi ya mwisho, uso mbele. Mpaka leo anasema aliteleza. Uwanja mkavu, kaskazi limepamba moto, eti kateleza! Basi siku yenyewe wakamtoa kwenye safu, wakampa machela akae nazo nyuma ya paredi pamoja na watu wa huduma ya kwanza. Ishikeni hiyo habari ya machela, nitaihitaji mbele.

Habari za kambini sitazikalia sana, maana hawa wenzangu wakizianza hawazimalizi. Afande Sufuria, aliyekuwa jikoni, anaapa kwamba maharage yake yalikuwa yakiiva. Sisi tuliokuwa tukiyala tunajua. Bi Mrefu anazo nyimbo zote za mchakamchaka, pamoja na zile ambazo humtoa kwanza mjukuu wangu nje ndipo akaziimba. JKU wakati ule ilikuwa bado changa, imeanzishwa 1977 tu, na watu wa mjini walikuwa wakiitazama kama mahala pa kupeleka watoto waliowashinda. Tukiamshwa saa kumi za usiku kwa filimbi. Tukalimishwa mpunga bonde la Cheju mpaka kiuno kikasahau kunyooka. Tukafundishwa kula ugali wa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, sisi tuliotoka kwenye majumba ya wali, hata kama wali wenyewe ulikuwa wa foleni. Msimu wa karafuu ukiwa mkubwa, wengine walivushwa Pemba kuchuma. Yote hayo yamepita, nami siyadai kitu.

Ninachokumbuka zaidi ni buti. Siku ya kugaiwa vifaa mtunza ghala aliutazama mguu wangu, akatazama rafu, akanitupia jozi ambayo ingemtosha Bi Mrefu na dada yake. Nikamwambia, afande, hizi hazinifai. Akasema, "Basi kuza mguu." Nikazijaza magazeti mbele, na mafunzo yote nikatembea kwa mlio wangu peke yangu. Wenzangu wakipiga chini "pa!", mimi "pa-kwap!" Usiku, waliokuwa lindo hawakuniuliza nani huko. Walishajua.

Sasa baba. Baba hakutaka niende. Hakupiga kelele, hakuwa mtu wa kelele. Alimuuliza mama, mimi nimesimama palepale, "Atavaa suruali?" Mama akasema, "Atavaa." Baba akachukua kiti chake, akakihamishia ukumbi wa nyuma, na siku niliyopanda lori alikuwa huko nyuma na gazeti lake. Ungesema ni suruali tu. Lakini baba na watu wa magwanda walikuwa na hesabu zao tangu 1964, ambazo hakuzifungua mbele ya watoto, nasi hatukuwa na ruhusa ya kuzipekua. Tulichokijua ni kwamba kila ikifika Januari 12 baba hushikwa na homa. Alfajiri inampanda, mama anampikia uji wa pilipili manga, redio inazimwa. Kesho yake mzima wa afya anakwenda zake ofisini, ofisi ya serikali, kofia ya viua kichwani na mwavuli mkononi. Hakuna aliyeicheka homa hiyo. Nyumba nyingi zilikuwa nayo.

Sherehe ninayoisema ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, Mzee Aboud Jumbe bado Rais wa Zanzibar. Tulitolewa kambini usiku kwa malori, tumekaa chuchumaa tusije tukaivunja mikunjo ya suruali, kwa sababu tulikuwa tumezipiga pasi ya makaa mpaka mkunjo ukawa unakata. Jua linachomoza tumo uwanja wa Amani, nje ya geti, tunapangwa kwa urefu. Watu walikuwa wameshajaa. Malori ya mawilaya, skuli na vikundi vyao, wafanyakazi wa serikali idara kwa idara.

Tukaingia kwa upande wa pili, ule unaokabiliana na jukwaa kuu, tukipita karibu kabisa na watu. Beni linapiga. Macho mbele, kidevu juu, mkono mpaka usawa wa mkanda. Lakini jicho lina pembe, na ile pembe hakuna afande anayeweza kuiamrisha. Nikauona mwavuli kwanza. Mweusi, umefungwa, mpini wake umefungwa uzi mweupe pale ulipopasuka, na uzi ule niliufunga mimi. Juu ya mwavuli mkono, juu ya mkono baba. Kakaa safu ya mbele, koti juu ya kanzu, miguu kaiweka pamoja kama aliye kwenye chumba cha daktari. Alikuwa akitazama buti. Si zangu hasa, nadhani, alikuwa akiziangalia buti zinavyopita, jozi baada ya jozi. Kisha ikaja "pa-kwap", na nikawa nimeshampita.

Hapo ndipo ilipoanza shida yangu. Paredi ilipangwa kuelekea jukwaa kuu, kwa hivyo tulisimama muda wote huo tumempa baba mgongo. Sijui kama mmewahi kutazamwa kisogoni na mtu msiyejua anawaza nini. Ngozi ya shingo hupata akili yake. Mgeni rasmi akaja, wimbo wa taifa ukapigwa, ukaguzi ukapita safu kwa safu, nami nimechezesha vidole ndani ya magazeti mpaka magazeti yakawa unga. Kila nikisikia mtu akikohoa nyuma nasema ndiye huyo. Nikijiambia ameondoka. Nikijiambia hajaondoka. Homa yake je, nani kaibeba mwaka huu?

Kisha tukageuzwa, tukaanza kupita mbele ya jukwaa, kwanza mwendo wa pole, halafu mwendo wa haraka. Mnaojua kwata mnajua kinachofuata. Ukikaribia jukwaa, kiongozi wa kikosi anavuta sauti, "Kuliaaa..." na hapo kila mtu anashusha pumzi, "...tazama!" Vichwa vyote vinakatwa kulia mara moja, isipokuwa wa mstari wa kulia kabisa. Wao hubaki wakitazama mbele ili safu isipinde. Jukwaa liko kulia. Baba yuko kushoto, ng'ambo ya uwanja. Ile dakika moja ambayo uwanja mzima ulikuwa ukitutazama, ambayo ningeweza kuiba pembe ya jicho nikaona kule ng'ambo kuna nini, ndiyo dakika niliyoamrishwa kugeuza kichwa upande wa pili kwa nguvu zangu zote. Nikakigeuza. Nilikigeuza vizuri kuliko siku zote za mazoezi, mpaka shingo ikalia. Nikaona kofia za wakubwa, nikaona miwani, nikaona mtu mmoja jukwaani akipiga miayo. "Mbele... tazama!" Kwisha. Tukatoka kwa geti jingine, tukapakiwa malori.

Mama aliniona uso. Televisheni Zanzibar ilikuwapo tangu miaka ya 1970, na ya rangi, wakati Bara waliingoja hadi miaka ya 1990. Jirani alikuwa na seti, mtaa mzima umejazana kwake, na kamera ilikuwa upande wa jukwaa. Mama alinisimulia nilivyotunisha mashavu. Baba, kama alikuwepo mpaka wakati huo, aliona kisogo.

Kama alikuwepo. Maana miaka mingi baadaye, kwenye hitma yake, mzee mmoja aliyefanya naye kazi alikuwa akichekesha watu barazani kwa habari za zamani. Akasema kuna mwaka walipata mkuu mpya mkali, akaleta daftari la mahudhurio uwanjani. Usiposaini, kazi huna. Wakasaini wote, hata wenye homa zao, na wimbo wa taifa ulipomalizika daftari likafungwa, na wengi wakatoka mmoja mmoja wakaenda kutafuta maji ya madafu. Nikamuuliza, na baba yangu? Akafikiri, akasema, "Marehemu? Wallahi mwanangu simkumbuki."

Basi shahidi niliyebaki naye ni Somo na machela zake. Yeye alikuwa nyuma ya paredi, upande uleule wa baba, na alikuwa akimjua baba tangu tukiwa chuoni. Bi Mrefu hana msaada. Yeye alikuwa mstari wa kulia, alikuwa akitazama mbele. Nikimuuliza ananijibu kwamba anakumbuka kisogo cha aliyekuwa mbele yake, kina kovu. Afande Sufuria alikuwa kambini anaharibu maharage. Somo tu.

Na Somo anasema baba alisimama. Mwanzoni, tulipokuwa wasichana, alisema hivyo tu: "Babaako alisimama mlipokuwa mnapita." Nikaichukua nikaiweka. Baada ya watoto wetu kuzaliwa ikaongezeka kofia, kwamba alisimama akaivua kofia. Nikanyamaza, ingawa baba yangu hakuwa akivua kofia hata kwa kinyozi ila kwa mazungumzo. Mwaka huu, mtoto yupo kwenye mkeka anasikiliza, Somo akaweka kikombe chini akasema, "Akatoa leso, akajifuta macho."

"Somo," nikamwambia, "baba hakuwa na leso."

"Alikuwa nayo siku hiyo."

"Na wote si walisimama? Watu husimama vikosi vikipita."

"Yeye alisimama kabla ya wote."

Bi Mrefu akaangua kicheko. Mimi sikucheka, wala sikumbishia zaidi. Nilikuwa natafuta kichwani mwangu kama baba aliwahi kuwa na leso. Maana ukweli ni kwamba ile ya kwanza, ile ya kusimama tu, naihitaji, na siwezi kuitenga na hizi nyingine bila kuichana yote.

Nilipopata ruhusa ya kwenda nyumbani, nilikuta kiti kimerudi ukumbi wa mbele. Mama akasema ni kwa sababu nyuma paa lilikuwa likivuja. Nikampa baba mkono, akaupokea. Tukakaa. Akaniuliza habari za afya, nikasema njema. Akakunja gazeti, akaniuliza:

"Hizo buti wanakupeni, au mnanunua?"

"Wanatupa, baba."

"Hawana ndogo?"

"Hawana."

"Haya," akasema, akalifungua gazeti.

Mpaka anafariki hatukuizungumza tena JKU, wala Amani, wala Januari. Homa ilirudi mwaka uliofuata, na mama akapika uji. Somo anasema yale maneno ya buti ndiyo ushahidi, kwamba mtu hawezi kujua buti ni kubwa ila amekutazama mwendo mzima mpaka umetoka. Mimi nilikuwa nimezivaa buti zenyewe siku ile ukumbini, zimekaa mbele yake na magazeti yanachungulia kwenye kamba. Nimemwambia hivyo. Amesema mwakani atanieleza vizuri.