Corolla, gurudumu la mbele kulia: limeachia!

Nimetoka Shangani, hapa Mtwara, hadi Mikindani na kurudi. Nilipofika kule nilishuka, nikasogeza kiganja karibu na rimu ya mbele kulia: vuguvugu, sawa kabisa na ya kushoto. Miezi mitatu nilikuwa nautafuta uvuguvugu huo.

Ugonjwa wenyewe nimeshauandika sana humu. Baada ya kilomita saba au nane gurudumu linaanza kubana lenyewe, gari linavuta kulia hata mguu ukiwa mbali na breki, harufu ya kuungua inaingia ndani, na mwisho pedali inalegea kwa sababu mafuta ya breki yamechemka. Ukilipaki likapoa nusu saa, linaachia. Hilo ndilo lililokuwa linaniumiza kichwa, maana kila nikilifikisha gereji limeshapona.

Pistoni nimeiwekea sili mpya. Pini za kalipa (kile kinachobana pedi kwenye diski) nimezisugua kwa msasa na kuzipaka grisi ya silikoni. Pedi mpya, diski imechongwa. Bado. Fundi mmoja kule Magomeni akaniambia, "Kaka, nunua kalipa zima upumzike." Mwingine akasema masta silinda, ile pampu ya breki inayosukumwa na pedali. Hili la masta silinda sikulikubali: kwenye gari hili laini ya mbele kulia ni moja na ya nyuma kushoto, na dramu ya nyuma kushoto haijawahi kupata joto hata siku moja.

Jumamosi nikaliendesha kwanza mpaka likabana, nilipime likiwa bado linaumwa. Jeki, na gogo la mwembe chini ya chasisi, kwa sababu jeki peke yake siiamini. Mwanangu kakaa kwenye usukani.

"Kanyaga mara kumi. Shikilia. Haya, achia."

"Nimeachia, baba."

Nikalishika gurudumu kwa mikono miwili. Haliendi.

Safari zote zilizopita nilikuwa naanzia kwenye kalipa. Safari hii nikaanzia juu, kwenye nati inayounganisha bomba la chuma na hozi, yaani bomba la mpira linaloshuka kwenye kalipa. Nikailegeza kidogo tu. Presha ingekuwa imekwama kwenye masta silinda au kwenye bomba, gurudumu lingeachia hapo hapo. Likadondoka tone moja, gurudumu limeng'ang'ana vilevile. Nikakaza, nikashuka kwenye nati ya kutolea upepo. Mafuta yakaruka mpaka kwenye kiwiko, na gurudumu likazunguka kwa kidole kimoja! Ina maana pistoni haina tatizo. Ingekuwa imekwama kwa kutu, kumwaga mafuta kusingeilegeza. Presha ilifungiwa kati ya nati hizo mbili, na katikati pale kuna hozi tu.

Nje hozi ilikuwa nzima, haina ufa hata mmoja. Nimeifungua, nikaipasua kwa urefu kwa kisu cha zulia, na jibu lilikuwa pale kwenye kibano cha chuma kinachoishikilia kwenye shokapu. Ndani ya kibano kutu imejazana tabaka juu ya tabaka, ukiigusa inabanduka kama ngozi ya korosho iliyokaangwa. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Kwa nje kibano hakitanuki, kwa hiyo ikaukaba mpira kuelekea ndani, na tundu lililobaki sindano ya kushonea ilipita kwa shida. Ukikanyaga, mguu una nguvu ya kuyapitisha mafuta. Kurudi hakuna anayeyasukuma zaidi ya ule mvuto mdogo wa sili ya pistoni, nao hautoshi. Gari linalala mita chache kutoka baharini, upepo wa chumvi usiku kucha. Kibano hicho sikuwahi kukitazama hata mara moja, na nimekasirika kweli kwa pesa iliyokwenda kwenye diski.

Spana: nati za bomba la breki usiziguse kwa spana ya mdomo wazi, inazila kona. Ile ya ringi yenye mwanya wa kupitishia bomba ndiyo spana, na nimeiazima mara nyingi kiasi kwamba wiki hii nimenunua yangu. Wale wanaoibana hozi kwa plaizi ili kupima, mimi sikubaliani nao. Unaukata mpira ndani na nje huoni kitu.

Hozi nimebadilisha zote mbili za mbele, washa za shaba mpya, mafuta yote ya breki mapya, daraja la DOT 4. DOT 3 kavu inachemka kuanzia nyuzi 205, lakini ikishanyonya unyevu kiwango kinashuka hadi 140, na kwa joto lililokuwa pale sishangai pedali ilivyokuwa inazama. Vibano vipya nimevipaka rangi ya kuzuia kutu kabla ya kufunga.

Jumapili nilipanga kufungua dramu za nyuma. Sikufungua. Nilipolala chini ya gari niliona bomba la chuma linalokwenda nyuma nalo limeanza vipele vya kutu, sasa nawaza kulibadilisha lote kwa la shaba na nikeli. Tangu jana nafanya mazoezi ya kutanua midomo, yaani ncha za bomba zinazobanwa na nati, kwa vipande vya bomba la friji bovu. Vya mazoezi tu, gari havipandi. Mdomo wa kwanza umepasuka, wa pili umekaa upande. Wa tano umetoka duara safi, upo hapa mezani naugeuzageuza.